Nilivyompima Mshauri wa Fedha kama Jiwe

Nikiosha mchele, mkono wangu wa kulia unazunguka wenyewe. Unazunguka taratibu, unainamisha sufuria kidogo, unaacha maji yatoke na makapi, kisha unatulia ili macho yaangalie kilichobaki chini. Wajukuu wangu hapa Samuye hunicheka: "Bibi anatafuta dhahabu kwenye mchele."

Siwabishii. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa moja tu, kupima mawe. Wengine walichimba, wengine walisaga, wengine walinunua na kuuza. Mimi nilikaa katikati yao nikisema jiwe hili lina dhahabu kiasi gani, au halina kitu. Miaka kumi na miwili ya kwanza nilipima kwenye mialo ya Geita, kule wachimbaji wadogo wanakosagia na kuoshea mawe yao, nikiwa na karai, ndoo ya maji na macho yangu mawili. Miaka kumi na tisa iliyofuata nilikuwa kwenye maabara ya mgodi mkubwa, nikiwa na koti, miwani, barakoa ya vumbi na tanuru la moto ambao hata huzuni ingeyeyuka ndani yake. Vyombo vilibadilika, swali halikubadilika: kuna nini humu ndani kweli?

Ninawaandikia ninyi mnaoanza. Wewe uliyepokea mshahara wa kwanza, wewe uliyegawiwa mifuko yako ya kwanza ya mawe duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, wewe uliyeuza pamba ikabaki akiba baada ya kulipa madeni. Nikikutana nanyi mnadani au nje ya kanisa, mnaniuliza jambo moja kwa maneno tofauti: Mama Kulwa, nimtafute mshauri wa fedha au nijishauri mwenyewe? Na huyo mshauri nitamjuaje kama ni mtu mwaminifu? Nitajibu. Lakini sijui njia ya kujibu isiyopita kwenye kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie.

Aliyenifundisha kupima ni Mzee Maduhu, mtu mfupi mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata akila. Siku yangu ya kwanza mwaloni alinipa karai tupu na ndoo ya maji.

"Osha," akasema.

"Nioshe nini, babu? Hakuna mchanga."

"Osha maji."

Nikazungusha maji matupu mpaka jua likawa utosini. Wanawake waliokuwa wanaponda mawe kwa nyundo pembeni yangu walicheka mpaka mmoja akajiponda kidole. Mchana Mzee Maduhu akachungulia karai langu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa karai lako halina dhahabu ya mtu mwingine. Kesho utapima."

Ndiyo kazi yetu ilivyo. Punje moja iliyobaki kwenye karai kutoka jiwe la jana inaweza kumfanya mtu anunue mlima wa kokoto leo.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya mwezi huohuo. Alikuja mtu na mifuko arobaini ya mawe, mpole, sauti laini, akaniita "mayu", yaani mama, ingawa umri wake ulitosha kunizaa. Akafungua mfuko mmoja, akaonyesha kwa kidole. "Chukua hapa, mayu. Hapa ndipo lilipo jiwe lenyewe." Nikachukua pale pale. Nikasaga, nikaosha, karai likatoa mkia wa dhahabu mrefu kama kope. Mnunuzi mmoja kutoka Kahama aliyekuwa akisubiri jibu langu akanunua mifuko yote arobaini. Mmoja ulikuwa na dhahabu. Thelathini na tisa ilikuwa na mawe ya kujengea choo.

Yule mnunuzi alirudi baada ya siku tatu. Hakupiga kelele. Aliniwekea jiwe moja mapajani, akasema, "Hili nimekuletea wewe, dada. Ukipata mengine thelathini na nane, uje uchukue saruji kwangu." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Maduhu hakunifokea. Alisema tu, "Mwenye jiwe akikuonyesha kidole, wewe nenda upande wa pili. Asipokasirika, ndipo urudi pale alipoonyesha."

Tangu siku hiyo nilifungua mifuko mwenyewe. Nilichukua juu, katikati na chini, nikamwaga kwenye turubai, nikachanganya, nikagawa mafungu manne, nikaacha mawili, nikachanganya tena. Na nikajifunza kuangalia mikono ya watu kuliko mawe yao. Kulikuwa na kijana mmoja aliyependa kuvuta sigara akiwa ameinama juu ya karai lako. Jivu likidondoka, anaomba radhi. Mzee Maduhu akamtazama siku mbili, siku ya tatu akamwambia, "Endelea kuvuta, bwana. Ukimaliza tutaosha jivu lako peke yake, tuone lina gramu ngapi." Yule kijana alimeza moshi wote. Alikuwa amechanganya unga wa dhahabu kwenye tumbaku. Jiwe la namna hiyo tuliliita jiwe lililopakwa: dhahabu ipo kweli, ila haikutoka ardhini.

Sasa kuna desturi moja ya mwaloni ambayo lazima muielewe, maana hiyo ndiyo iliyotaka kunizamisha.

Kule hakuna anayelipwa kwa maneno wala kwa muda. Tunakula kwenye jiwe. Mwenye eneo ana mgao wake wa mifuko, mwenye duara ana wake, wachimbaji wana wao, anayevuta kamba ana wake, hata mpishi ana mfuko wake. Mimi mpimaji nilipata changu jiwe likiuzwa. Duara likikauka, wote mnalala njaa pamoja, na hakuna anayelaumu. Kwa hiyo mtu anayetaka pesa mkononi kabla jiwe halijatoka, tulimwona kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Kama unaliamini jiwe, kaa ule nasi. Hivyo ndivyo tulivyopima uaminifu, na kwa kazi ile ilikuwa sawa.

Nilipostaafu nililipwa mafao ya mkupuo, milioni arobaini na sita. Nilikuwa nimepima dhahabu ya watu mpaka sehemu ya elfu ya gramu, lakini pesa yangu mwenyewe ilipokuja kwa wingi, nilikuwa mtoto mchanga. Nilijua tu kwamba hakutakuwa na nyingine. Zikipotea hizo, ningezeeka nikiomba chumvi kwa wanangu.

Washauri wa bure hawakukosekana. Kaka yangu Masanja alikuja kabla sijapumzika safari ya kurudi nyumbani. "Ng'ombe, Kabula. Ng'ombe anazaa, benki haizai." Mwanangu Kulwa, ambaye anaendesha malori ya mizigo kutoka Isaka kwenda magharibi, alipiga simu akiwa njiani. "Mama, tununue lori la mtumba, wewe utoe robo tatu, mimi robo." Jirani akasema nijenge vyumba vya kupangisha. Mama mmoja wa kwaya akasema tununue mashine ya kukoboa. Kila mtu alikuwa na mpango, na kila mpango ulianza na pesa zangu.

Ndipo nikaamua kumtafuta mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Nilipewa majina mawili.

La kwanza lilikuwa la Bi. Zuhura, mwanamke aliyewahi kufanya kazi benki, sasa anatoa ushauri wa fedha kwenye chumba kimoja Shinyanga mjini. Mdogo kuliko mwanangu. Aliniamkia shikamoo vizuri, akanikaribisha kiti, halafu akaniambia bei yake: laki moja na nusu kwa vikao vitatu, na hulipwa kwanza.

"Nikulipe kabla sijaona jiwe?" nikamuuliza.

"Unanilipa muda na akili yangu, mama. Popote utakapoweka pesa zako, mimi sipati hata shilingi."

"Kwa hiyo zikipotea, wewe huumii?"

"Mfukoni siumii. Na zikiongezeka sinufaiki. Ndiyo maana sina sababu ya kukusukuma upande wowote."

Nilisikia kiburi pale. Masikio yangu ya mwaloni yalisikia mtu asiyeliamini jiwe. Nikaaga, nikaondoka na laki yangu na nusu, najiona mjanja.

Jina la pili lilikuwa la Bwana Faustine wa Geita mjini. Ofisi ya vioo, viatu vinavyong'aa, kalenda yenye picha yake mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaegemea mbele. "Mama Kulwa, mimi sichukui hata senti yako. Nitakula kwenye faida. Ukipata nimepata, ukikosa nimekosa. Utavuna asilimia kumi kila mwezi."

Wajukuu zangu, moyo wangu ulitulia kama mtu aliyefika nyumbani. Ile ilikuwa lugha yetu! Anakula kwenye jiwe! Huyu ni mtu wa kwetu.

Hata hivyo sikuwa mjinga kabisa, au ndivyo nilivyojiambia. Nilimpa sampuli. Milioni mbili tu, nione zinatoa nini, arobaini na nne zibaki benki. Nilijisifu sana kwa hilo. Mwisho wa mwezi wa kwanza laki mbili zikaingia kwenye simu. Mwezi wa pili laki mbili. Mwezi wa tatu laki mbili. Kulwa akapiga simu, honi za malori zikilia nyuma yake.

"Mama, unangoja nini? Mi nauza pikipiki yangu niingie."

"Subiri kwanza mimi niingie."

"Sasa unaingia lini? Umepima, umeona. Wewe si ndo mtaalamu?"

"Jumatatu," nikamwambia. "Jumatatu naenda benki."

Jumapili hiyo, baada ya ibada, nilikaa uani na daftari langu. Ni mazoea ya kazi, kila kipimo nilichowahi kufanya nilikiandika: tarehe, sampuli, matokeo. Na kipimo cha Faustine nilikuwa nimekiandika vivyo hivyo. Nikasoma safu ya matokeo. Laki mbili. Laki mbili. Laki mbili.

Nikaisoma tena, kidole kwenye kila mstari.

Pale maabara tulikuwa na mwenzetu, Sosthenes, mcheshi, mvivu kidogo. Msimamizi wetu alikuwa na tabia ya kutupima sisi wenyewe. Alichukua sampuli moja, akaigawa mara mbili au tatu, akaandika namba tofauti na kuzichomeka kati ya nyingine mia, ili aone kama majibu yetu yatakaribiana. Siku moja Sosthenes alizitambua kwa rangi ya vumbi. Ili asichoke, akapima moja, akaandika jibu lile lile mara tatu, mpaka tarakimu ya mwisho. Msimamizi alimwita kabla ya chai. "Hizi tatu zimefanana mno," akasema. "Umepima ngapi?" Sosthenes akajaribu kucheka. Alihamishiwa kufua makoti kwa mwezi mzima.

Maana kila aliyekaa na dhahabu anajua: haikai kwenye jiwe kama chumvi kwenye uji. Imejificha punje hapa, punje pale. Ukipima jiwe lile lile mara tatu, majibu yatakaribiana, hayatalingana. Na miezi ni vivyo hivyo. Kuna mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi, mwezi bei imepanda na mwezi imeanguka. Jiwe linalotoa sawasawa kila mara halikutoka ardhini. Limetoka mfukoni mwa mtu.

Na mfuko wenyewe ulikuwa wa nani? Nikahesabu kwa vidole. Milioni mbili zangu kwake, laki sita zimerudi kwangu. Angeweza kunilipa kwa pesa zangu mwenyewe kwa miezi kumi bila kugusa jembe. Na mimi, mwanafunzi wa Mzee Maduhu, nilikuwa nimechukua sampuli pale pale alipoonyesha kidole. Tena karai alishika yeye.

Jumatatu sikwenda benki. Nilikwenda Geita.

"Karibu mama!" Faustine akasimama. "Umekuja na mzigo?"

"Nimekuja na swali. Pesa yangu inafanya kazi wapi?"

"Tunaizungusha kwenye dhahabu, mama."

"Dhahabu ya wapi? Nitajie duara. Huenda mwenyewe namfahamu."

Akacheka. "Hiyo ni siri ya biashara."

"Mwezi uliopita mvua ilijaza maduara maji. Watu walikaa wiki mbili na pampu. Na wewe ulipata kile kile?"

"Sisi mvua haitugusi, mama."

"Haya. Leseni yako ya kushauri na kushika pesa za watu iko wapi?"

"Iko kwenye mchakato."

"Basi nirudishie sampuli yangu, na yenyewe iingie kwenye mchakato."

Hapo uso ulibadilika. Akaniambia kuna utaratibu, siku tisini, niandike barua. Niliandika pale pale, nikabaki na nakala yenye mhuri wake. Siku tisini zilipotimia, ile ofisi ya vioo ilikuwa inauza mapazia. Nilifungua jalada polisi, na bado nafuatilia. Nilipoteza milioni moja na laki nne. Naitaja bila kuficha kwa sababu wengi wetu, aibu hutufunga mdomo, na midomo iliyofungwa ndiyo inayompa mtu kama Faustine ofisi nyingine mji mwingine. Kulwa alininunia wiki nzima kwa kumzuia. Habari za mapazia zilipomfikia, alinishushia gunia la vitunguu mlangoni, akaondoka bila kusema ni la nini.

Nikarudi kwa Bi. Zuhura. Si rahisi kurudi kwa mtu uliyemdharau, na umri hausaidii.

"Shikamoo mama. Karibu tena."

"Marahaba. Nimekuja kukupima."

"Nipime," akasema, akakunja mikono juu ya meza kama mtoto wa shule.

Nilianza na leseni. Akanipa nakala, kisha akasema nisimwamini yeye wala karatasi, niwaulize wenyewe walioitoa. Nilitafuta namba yao mwenyewe, sikupiga ile iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Jina lake lilikuwepo. Hiyo peke yake haitoshi, lakini ni sawa na kuosha karai kwanza.

Kisha nikamfanyia ya yule msimamizi wetu wa maabara. Siku hiyo nilimuuliza mjane kama mimi, mwenye milioni arobaini na nne, afanye nini. Baada ya wiki nikaja na swali lile lile nikiwa nimelivisha nguo nyingine: mjomba wangu wa Isaka, kauza nyumba, ana kiasi kama hicho.

Akanisikiliza akitabasamu. "Huyu mjomba wako mnafanana sana, mama. Ana madeni?"

"Hana."

"Ana miaka mingapi, na pesa atazihitaji lini?"

Nikamtungia miaka na maradhi papo hapo. Akacheka, na mimi nikacheka. Jibu lake lilikaribiana na lile la kwanza, lakini halikulingana nalo, kwa sababu mjomba wangu wa kubuni alikuwa na afya mbaya kuliko yangu na Zuhura aliliona hilo. Hapo ndipo nilianza kumpenda.

Swali la mwisho ndilo lililoniuma hata kuliuliza. "Niambie siku ulipomshauri mtu akapata hasara."

Alizungusha kalamu. "Baba mmoja, mfanyabiashara wa Maganzo. Nilimshauri anunue hisa. Hisa zenyewe hazikuwa mbaya. Bei ikashuka, na mwaka uleule akahitaji ada ya chuo ya binti yake, akauza kwa hasara. Sikumuuliza angezihitaji lini. Lilikuwa kosa langu. Sasa naanza na swali hilo."

Faustine hakuwahi kukosea katika maisha yake yote. Huyu alikosea, akajua alipokosea. Nikatoa laki moja na nusu, nikaihesabu mbele yake. Mkono ulikuwa mzito kama wa mtu anayetolewa damu, maana desturi ya miaka haitoki kwa siku moja. Lakini nilikuwa nimeelewa kitu. Mwaloni tulikula kwenye jiwe kwa sababu wote tulikuwa shimoni, tukiliona jiwe kwa macho yetu. Anayeahidi kula nawe kwenye faida usiyoweza kuiona, huyo hayupo shimoni nawe. Ni heri umlipe mtu wazi, ujue umemlipa kwa nini.

Kikao cha kwanza, baada ya kumsimulia habari za Faustine, nilitegemea aniambie pa kuweka pesa. Badala yake akaniuliza, "Ni watu wangapi wanajua una pesa hizi?"

Nikahesabu. "Kumi na mmoja."

"Wangapi wameshaomba?"

"Tisa."

"Hiyo ndiyo hatari yako, mama. Faustine alikuwa mmoja, na hukumjua. Hawa ni tisa, watakuja kila wiki, na unawapenda."

Kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika kila kitu isipokuwa hicho.

Tuligawa taratibu. Chakula na matibabu ya mwaka mmoja, kwenye akaunti ya kawaida. Kumalizia vyumba viwili vilivyokuwa vimesimama kwenye lenta. Ng'ombe watano, si ishirini. Yeye alisema watatu, nikamwambia mimi ni Msukuma, siwezi kuzeeka nikisikiliza ng'ombe wa jirani. Sehemu kubwa ikaenda kwenye hati fungani za serikali, ambazo hunilipa mara mbili kwa mwaka. Si nyingi kama alizoahidi Faustine, hata karibu. Fomu nilijaza mwenyewe, kwa jina langu, pesa zikatoka kwenye akaunti yangu kwenda moja kwa moja kunakohusika. Zuhura hakuzigusa. Mwishoni akaniambia, "Hunihitaji kila mwezi, mama. Njoo mara moja kwa mwaka, au jambo kubwa likibadilika. Na siku nikikupigia kukuambia kuna nafasi ya haraka haraka, usipokee."

Kwa hiyo, je, umtafute mshauri? Kama ndio kwanza una mshahara wa kwanza na akiba yako haijafika laki tatu, usimlipe mtu laki moja na nusu akuambie uweke akiba. Hilo nakuambia bure: lipa madeni, weka chakula cha miezi michache mahali usipoweza kupafikia kwa hasira, na jiunge na chama cha kuweka na kukopa ambacho vitabu vyake unaruhusiwa kuvisoma. Jifunze kwa pesa ndogo, maana makosa yake ni madogo. Lakini siku utakaposhika fungu ambalo hujawahi kulishika, la mafao, la urithi, la duara lililotema dhahabu, lipa mtu. Mpime kwanza. Usimpime kwa sampuli ya pesa kama nilivyofanya mimi, kwa sababu pesa ndogo inayorudi haraka hupakwa kirahisi kuliko jiwe lolote. Mpime yeye: analipwa na nani, anashika pesa zako au hazishiki, amekosea wapi. Akikasirika kwa maswali, kipimo kimekamilika, unaweza kwenda nyumbani.

Kilichobaki hakuna mshauri anayeweza kukufanyia.

Masanja alikuja asubuhi moja na baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulisalimiana, akauliza habari za wajukuu, akakataa kiti. Mtu anayekataa kiti ana jambo.

"Kabula, mnadani kuna mafahali kumi na wawili. Mwenyewe ana shida, anawatupa. Mwaka hauishi tumeshaongeza mara mbili. Nipe milioni kumi na tano, tutagawana."

"Sina za kutoa, kaka."

"Huna? Milioni arobaini na sita umekula nini, dhahabu?"

"Zimefungwa."

Zuhura alikuwa ameniambia neno hilo linatosha, na lilikuwa kweli. Hati fungani huweza kuuzwa kabla ya muda wake, ila kwa mlolongo unaokupa nafasi ya kufikiri mara mbili. Ningeweza kuishia hapo, nikasingizia benki, serikali, karatasi. Ningeweza kuinamisha kichwa kama dada mdogo, naye angeenda akiilaani benki na kunipenda mimi.

"Zimefungwa na nani?" akauliza. "Na yule binti wa mjini? Mtoto wa jana ndiye anayekutawala?"

Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nilipokuwa naanza shule. Ng'ombe wawili wa mahari yake aliwahi kuwauza mama alipougua. Nilimtazama usoni, na sauti yangu ikatoka kama sauti ya mtu anayesoma matokeo.

"Hapana, kaka. Nimezifunga mimi."

Baiskeli ilikuwa bado mkononi mwake. Alinitazama, akatazama vyumba vyangu viwili vilivyopigwa bati jipya, akanitazama tena. Nilidhani ataondoka. Nilikuwa tayari aondoke, na nilikuwa tayari kumfuata kesho yake nikiwa mikono mitupu, mpaka anizoee.

Akaiegemeza baiskeli ukutani. Akavuta kile kiti alichokuwa amekikataa.

"Basi niletee uji," akasema.